Mashine Yetu Imetoa Masharti

Jumatatu, tarehe 6 Aprili

Shangazi amepiga simu. Jumamosi anakuja kutangaza msimamizi wa kudumu wa duka lake la dobi. Mimi ni kaimu tangu mwaka uanze. Kola, mpiga pasi wetu, huniita hivyo hivyo, "Kaimu", kana kwamba ndilo jina nililopewa na mama yangu.

Msimamizi wa kudumu hupewa chumba kilicho juu ya duka. Mlango wake, dirisha lake, jiko lake. Mimi na mke wangu tunalala sebuleni kwa kaka yake, nyuma ya pazia. Shemeji akitazama mpira, tunautazama sote, tutake tusitake. Juzi mke wangu aliniambia, bila hasira, kwamba amechoka kuvaa nguo akiwa amechuchumaa nyuma ya kochi. Hilo la bila hasira ndilo lililonitisha.

Kikwazo ni wafanyakazi. Mama Povu, anayefua, huanza umbea anapofungua bomba na kuumaliza anapolifunga. Kola yuko pale miaka mingi na anaamini kiti changu ni chake. Shangazi akikuta gumzo na marundo ya nguo, kwisha mimi.

Ila dawa nimeipata. Nimesoma kwenye simu kwamba mashine zi mbioni kupata akili. Zitajua, zitahisi, zitatenda zipendavyo. Na sisi tuna mashine mpya ya kufulia, yenye kioo kidogo na taa ya kijani, inayolia pii. Kesho nitatangaza kwamba yetu imeshapata. Inasikia, inaona, na kila jioni inaniletea ripoti kwenye simu. Nani atamsengenya jirani mbele ya mpelelezi mzito kuliko kabati? Wakati mwingine najiogopa.

Jumanne, tarehe 7 Aprili

Nimetangaza, nikiwa nimesimama juu ya kreti la sabuni. Mama Povu aliachwa mdomo wazi. Kola alisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mashine ile haina hata unywele mmoja. Kisha akakitazama kichwa changu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nimelipuuza hilo.

Lakini matokeo! Kimya cha msibani. Marundo yameisha mchana. Mama Povu alipita mbele ya mashine kwa kunyata, akaiamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa niaba yake. Jioni nikaifungua simu mbele ya Kola, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikamwambia mashine imelalamikia miayo yake. Akafyata ulimi. Kabla ya leo sikuwahi kumwona Kola akifyata kitu chochote.

Nimemsimulia mke wangu kwa kunong'ona, kwa sababu ya pazia. Akaniuliza, ikishakuwa na akili, itakubali kuishia kwenye upelelezi tu? Nikamwambia alale.

Jumatano, tarehe 8 Aprili

Nimerudi kutoka kununua sabuni ya unga nikakuta mashine imezimwa. Mama Povu ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa adabu zote kwamba mashine imelia pii mfululizo, na kwa kuwa yeye ndiye anayeshinda nayo, ameielewa. Imechoka. Haijapumzika tangu iletwe, na inaomba muda wa chai. Nikasema mashine hainywi chai. Akasema ndiyo maana anainywea yeye.

Sasa hapo ningefanyaje? Nikisema pii ni pii tu, uongo wangu umeanguka. Nikisema ni kweli, chai inaendelea. Kola alikuwa amesimama na pasi mkononi, akinitazama kama paka anavyotazama mlango wa stoo. Nikakohoa. Nikasema mashine ilikwisha kunitaarifu kwenye simu na mimi nimeidhinisha.

Nilijipongeza kwa wepesi ule, lakini furaha yangu haikufika mbali. Kola akasema pasi nayo imepata akili asubuhi hiyo hiyo, maana akili ya mashine inaambukiza kama mafua. Imemwona mwenzake anapumzishwa, nayo imenuna. Ikapumzishwa.

Alhamisi, tarehe 9 Aprili

Masharti mapya. Kwa maneno ya Mama Povu, mashine inataka feni, kwa sababu mvuke unaidhuru kifua. Inataka kiti chenye mgongo, si chake, bali cha yeyote anayesimama karibu yake, maana roho inaiuma kumwona binadamu wima kutwa nzima. Ina huruma sana, mashine ile. Pasi kwa upande wake haitaki kusimamiwa na mtu ambaye hajawahi kuishika, wala haipendi wateja waahidiwe nguo kabla yenyewe haijaulizwa. Nikauliza, kwa kejeli, kama mashine ya kukaushia haina la kusema. Kola akasema bado, ila iko njiani.

Nimekaa nyuma ya kaunta nikawaza. Kwenye simu wameandika kwamba mashine zikipata akili zitatawala dunia. Zitaitawala lini? Zikipata akili kama zetu hazitapata nafasi. Friji litalionea jiko wivu kwa sababu jiko ndilo linalosifiwa na wageni. Saa ya ukutani itachelewa makusudi kila Jumatatu na kusingizia msiba wa mjomba. Redio itataka iulizwe maoni kabla ya taarifa ya habari. Lifti itagoma kufika ghorofa ya tano mpaka iambiwe tafadhali, na ikiambiwa itasema mbona jana hukusema. Hakuna atakayetawaliwa. Tutakuwa tumeongeza ndugu wa kugombana nao, basi.

Katikati ya mawazo hayo akaingia Wakili, mteja wetu mkubwa, kufuata joho lake. Joho lilikuwa bado chafu. Kabla sijatunga neno, Mama Povu akamweleza kwamba mashine imepata akili na sasa imepumzika. Nilitegemea ghadhabu. Yeye akaniuliza kama ina mkataba. Nikasema haina. Akasema basi ule ni utumwa. Kama inafikiri, ilipwe. Na ikishalipwa, yeye ataishtaki kwa kumcheleweshea joho. Alipotoka aliacha kadi yake. Hakuniachia mimi. Aliibandika kwenye mashine.

Mke wangu alicheka mpaka shemeji akapunguza sauti ya mpira ili asikie kuna nini. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza habari za chumba. Nampenda mke wangu, nilimwahidi mlango, na mpaka sasa nimempa pazia. Nimeona haya.

Ijumaa, tarehe 10 Aprili

Leo nilikusudia kumaliza maneno. Kama mashine inasema, basi na iniseme vizuri mimi. Nikawaita, nikafungua simu, nikawasomea ripoti iliyoingia alfajiri: mashine inafuta masharti yake yote, inaomba radhi kwa utoto wake, na inampendekeza Kaimu awe msimamizi wa kudumu. Sauti yangu ilitetemeka kidogo mahali pa kunisifu. Niliiandika vizuri ile ripoti.

Mama Povu akasema ni jambo la heri, ila tungeisikia na yenyewe. Nikasema hakuna shida. Ili ionekane ina moyo wa kazi, nikaishindilia mashuka yote ya nyumba ya wageni kwa mkupuo mmoja, nikaufunga mlango kwa goti, nikabonyeza.

Ilianza vizuri. Kisha ikanguruma. Kisha ikaanza kutembea.

Naandika nilichokiona. Ilitoka mahali pake kwa kuruka-ruka, ikaukata mpira wa maji, ikapita katikati ya Mama Povu na Kola bila kuwagusa, ikanijia mimi. Nikarudi nyuma, ikaja. Nikaenda kushoto, ikageuka kushoto. Kola ndiye aliyechomoa waya, ikasimama nami nikiwa nimebanwa kwenye rafu ya mashati, maji yakiwa yamefika vifundoni.

Mama Povu alisema, kwa upole wa mtu anayeleta taarifa ya msiba, kwamba imenikataa. Kola alisema yeye hasemi kitu. Wakavua aproni zao. Hawawezi, wakasema, kufanya kazi mahali ambapo mashine imekasirika kiasi kile. Kola aliondoka na pasi yake kwapani.

Marundo yalikuwa yamefika dirishani, sakafu ilikuwa bwawa, na Shangazi anakuja kesho. Nilipobaki peke yangu niliiomba mashine msamaha. Kwa tahadhari tu.

Kisha nikampigia mke wangu, nikamwambia kila kitu, hata yale ya kuomba msamaha. Alifika mikono ya gauni ikiwa imekunjwa. Hakunisema, na heri angenisema. Alitoa nusu ya mashuka, akaunga mpira wa maji, akachungulia chini ya mashine na kuona mguu mmoja mfupi, akautilia kipande cha boksi kilichokunjwa. Mashine ikafua kwa utulivu wa bibi arusi. Akaniachia ufagio wa maji, akatoka.

Alikwenda kwa Mama Povu, kisha kwa Kola. Nimesikia baadaye kwamba hakutaja mashine hata kidogo. Aliwauliza wao wanataka nini. Walitaka feni, kiti, chai ya asubuhi, na Kola aulizwe kabla ya wateja kuahidiwa. Nikasema hayo si yale yale ya mashine? Mke wangu akanikabidhi rundo la kukunja. Walirudi wote, wakafanya kazi mpaka jioni, umbea ukiwa wazi kama bomba, na rundo la mwisho likaisha. Nilishangaa. Kumbe mdomo na mikono vinaweza kwenda pamoja.

Jumamosi, tarehe 11 Aprili

Shangazi amekuja. Duka liling'aa, na mke wangu alikuja nami kushuhudia. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikafika kwenye neno "changamoto", akainua mkono. Kumbe Wakili alimpigia jana kuuliza kama mashine yake imeshapata mwakilishi.

Akaniuliza swali moja. Ina akili au haina?

Nikaona nisirudi nyuma. Nikasema inayo, Shangazi, tena nyingi, na kila jioni inaniletea ripoti. Shangazi akasema vizuri sana. Kama inaleta ripoti yenyewe, msimamizi wa nini? Itamletea yeye moja kwa moja, aokoe mshahara. Nikasema kwa kweli haina. Akasema basi nimewadanganya watu wake wiki nzima. Nikatafuta jibu la katikati. Halikuwepo.

Akawageukia wafanyakazi, akawauliza nani aliyeimaliza kazi ya jana. Mama Povu akaonyesha kwa kidevu, huku mikono ikiwa kwenye povu. Hakunionyesha mimi, wala mashine. Nilimtazama Kola, nikijua atajitaja mwenyewe. Aliiweka pasi kando. Akasema kiti kile amekitaka miaka yote, na bado anakitaka, lakini jana ndiyo mara ya kwanza mtu wa duka hili kumfuata nyumbani na kumuuliza anataka nini. Akarudi kwenye pasi yake, akalikandamiza shati la watu kwa nguvu sana.

Shangazi akatoa ufunguo, akaupitisha mbele ya pua yangu, akauweka kwenye kiganja cha mke wangu.

Mke wangu hakuuliza mshahara. Aliuliza kama mlango wa juu una komeo kwa ndani. Shangazi akasema unalo. Hapo akalia, amesimama katikati ya duka, mbele ya wateja. Nami nikalia. Watu walidhani nalilia cheo. Nilikuwa nalilia cheo, lakini si cheo peke yake.

Mimi nimepewa kukunja nguo na kuzipeleka kwa wateja. Kola ameniita "Kaimu" kama kawaida. Nikamkumbusha kwamba si kaimu tena. Akasema anajua.

Jumapili, tarehe 12 Aprili

Tumehamia. Mke wangu ameufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, akakaa kitandani akiutazama. Shemeji alitubebea godoro na hakuficha furaha yake. Mimi sasa ni mume wa msimamizi, na nakiri kwamba dirisha ni zuri, na kwamba sijamwona mke wangu akicheka hivi tangu harusi.

Baada ya kula aliniapisha. Nisiseme tena dukani neno lolote kuhusu mashine, akili za mashine, wala ripoti za mashine. Niliapa kwa moyo wote, naye akaniamini, maskini. Mimi ni mtu wa kiapo. Mashine nimezikoma.

Ila nguo hazikutajwa.

Nimelala chali kwenye chumba chetu nikilifikiria hilo. Mashine haitoki dukani, lakini shati huenda na mwenyewe kila mahali, limembana kifuani, linasikia moyo unavyodunda anapomdanganya mkewe kwamba yuko kikaoni. Kesho naanza kupeleka nguo. Nitabisha hodi, nitamkabidhi mteja fungu lake kwa heshima, kisha nitasogea na kumwambia taratibu kwamba shati lake la bluu lilizungumza sana kwenye beseni. Nani atakataa kuongeza chochote kitu ili linyamaze?