Waya Alhamisi, Mafuta Jumamosi

Muchangi alilisikia lile gari kabla hajaliona. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu nje ya gereji yake pale mtaa wa Dallas, Embu, akichokonoa meno baada ya githeri, mara likaja likikohoa: pup, pup, kimya, pup. Injini ya silinda nne inayopiga tatu. Kwa watu wengine hiyo ni sauti ya shida. Kwa Muchangi ilikuwa sauti ya sadaka ikidondoka kikapuni.

"Karibu bosi, karibu! Pole sana. Zima hiyo injini kabla haijakufa."

Na gari lenyewe, jamani! La spoti, jekundu, milango miwili, limekaa chini karibu lilambe lami. Akashuka mwanaume mrefu mwenye kofia ya kufuma, akajitambulisha kwa jina la Abdiqani, mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua.

Sasa tuambiane ukweli. Muchangi alikuwa fundi mzuri, na hilo ndilo linaloudhi. Mungu alimpa masikio ya kuijua injini kwa kikohozi chake, naye akayatumia kuwaibia waja wa Mungu. Duka lake lilikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kuuza: mafuta mabaya. Gari likikohoa, ni mafuta. Likitetemeka, ni mafuta. Mama mmoja wa mtaa wa Majimbo alileta gari lenye pancha akaambiwa, kwa upole mwingi, kwamba mizizi ya tatizo ni mafuta. Dawa ilikuwa kumwaga tangi lote. Na hayo mafuta mabaya yakishatoka, yalipona kwa muujiza ndani ya mtungi, yakauzwa kwa watu wa bodaboda kabla ya jua kutua.

Akafungua boneti. Jicho lake likaona papo hapo: waya wa koili moja umechomoka, unaning'inia. Kuurudisha ni kazi ya kidole kimoja. Muchangi akausukuma nyuma kwa kiwiko usionekane, kisha akatoa tone la petroli akaliweka kiganjani. Akalisugua kwa kidole. Akanusa. Akafumba macho kama shemasi anayesali, halafu akatema mate kando.

"Bosi, hii mafuta iko na maji."

"Walahi? Nimejaza Nairobi leo asubuhi."

"Nairobi!" Muchangi akashika kichwa. "Huko hata maziwa iko na maji. Lazima imwagwe yote. Nioshe tangi, halafu niipandishe mlima mrefu nikiisikiliza."

Abdiqani akaichungulia injini. "Una hakika si kitu kidogo? Labda waya?"

"Waya!" Muchangi akacheka kwa huruma. "Bosi, mimi sikufundishi kuuza miraa."

"Haya. Mimi nina haraka, nitapanda gari la abiria. Niletee Maua Jumamosi jioni. Hapo ni mlima wa kutosha?"

Muchangi nusura ambusu. Jumamosi hiyohiyo alikuwa akienda Maua kuposa!

Msichana aliitwa Kaari, mwalimu wa chekechea pale Majimbo, na kwao kulikuwa huko Maua, kwenye mashamba ya miraa. Katika Embu nzima, Kaari peke yake ndiye aliyekuwa akiambiwa "yule fundi wako ni mwizi" na kujibu, "Huyo namjua mimi." Muchangi alimpenda kwa dhati. Ni kitu pekee maishani mwake ambacho hakikuwa kimechanganywa na kingine. Lakini alimwogopa baba yake, Mzee Mbaabu, ambaye ilisemekana humpima mkwe kwa namna anavyofika. Kwa woga huo Muchangi alikuwa amemwambia kwenye simu, "Nitakuja na gari langu, Mzee," ilhali hakuwa na hata wilbaro.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mwenye gari kama lile amwachie mtu asiyemjua na kuondoka bila hata kugeuka nyuma. Lakini mwenye tamaa hana nafasi ya maswali. Abdiqani alipopotea tu, Muchangi alichomeka waya, na injini ikaimba wimbo. Kisha akafyonza petroli ya tangi zima akaiuza. Kwa safari ya Maua alinunua ile ya bei ya chini, ya chupa, ya jamaa mmoja aliyeibatiza kwa mafuta ya taa kama mhubiri asiye na kiasi.

"Itafika tu," akasema. "Kwani gari ni la mama yangu?"

Jumamosi alivaa suti ya kijivu, akampakia Njiru. Huyu alikuwa mchinjaji mstaafu, mjomba wa kukodi, kwa sababu wajomba wa kweli walikataa kwenda kudanganya wakwe. Njiru alijua kunyamaza kwa heshima, na alikuwa na kofia nzuri.

Hadi Chuka mambo yalikuwa shwari. Walipokaribia Nkubu gari likakohoa kidogo. Baada ya mji wa Meru likawa na kifaduro. Kupanda milima ya Maua, watoto walikuwa wakilipita kwa miguu na kumpungia mkono Njiru, naye akiwarudishia kwa heshima.

Langoni kwa Mzee Mbaabu wanawake walikuwa wamejipanga kwa nyimbo, kama desturi ilivyo, wakikataa kufungua mpaka wageni wajibu wimbo. Muchangi akakohoa tayari kuimba. Gari likamtangulia: PAA! Moshi ukatoka nyuma, nyimbo zikakatika, nyanya mmoja akajitupa kwenye miraa, na lango likafunguka lenyewe.

"Muga, mwanangu," Mzee Mbaabu akamsalimu kwa Kimeru, akilizunguka gari polepole. "Hili gari lako linaumwa?"

Muchangi akafikiri haraka. Akitaja mafuta, ataulizwa alinunua wapi. Mwenye gari kama hili ananunuaje petroli ya chupa?

"Si kitu, Mzee. Ni waya tu umelegea."

"Waya?"

Sauti ilitoka barazani. Abdiqani alikuwa ameketi hapo na kikombe cha chai, starehe kabisa, kama mtu wa nyumbani.

"Alhamisi uliniambia mafuta," akasema. "Leo ni waya?"

Muchangi akarudi nyuma hadi akagota kwenye gari.

"Abdiqani hununua miraa ya shamba hili tangu Kaari akivaa yunifomu ya shule," Mzee Mbaabu akaeleza, bila hasira, na ubaridi huo ndio uliotisha. "Sisi hatutoi msichana kabla ya mtu kutumwa kumwangalia mkwe. Zamani alitumwa mtu ajifanye mpita njia, aombe maji ya kunywa. Siku hizi ukiomba maji utapewa na kila mtu. Tukatuma gari."

"Waya niliuchomoa mimi mwenyewe," Abdiqani akasema, "hapo tu karibu na gereji yako. Na mtihani aliuchagua Kaari. Alisema, mpelekeeni gari bovu, mtaona vile ni mwaminifu."

"Na mimi nilimwambia Abdiqani," Mzee akaongeza, "huyo kijana akisema ni waya, mwachie gari bure aje nalo kwangu, tangi likiwa limejaa. Nilijua huna gari, mwanangu. Sikutaka mkwe wangu aingie hapa na aibu."

Hapo Muchangi alitamani ardhi immeze. Alikuwa ameiba kitu alichokuwa akipewa.

Abdiqani akafungua boneti. Waya zote zilikuwa mahali pake. Akatoa tone la petroli, akampa Mzee anuse, na Mzee, aliyesoma shule kwa mwanga wa koroboi, hakuhitaji fundi.

"Hii ni mafuta ya taa."

Kaari akatoka ndani, amevaa leso mpya, kibuyu cha uji wa wimbi mkononi. Kila mtu akamgeukia, maana desturi inajulikana: msichana humimina, na yule anayempa kikombe ndiye mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amesikia yote, na ya Alhamisi Abdiqani alishamwigizia neno kwa neno.

"Niliwaambia nakujua," akasema.

"Kaari, naapa, leo ni mafuta kweli! Ni mimi niliweka. Nilinunua mbaya, ya bei rahisi. Huo ndio ukweli!"

"Na Alhamisi?"

Muchangi akainamisha kichwa. "Ulikuwa waya. Niliuona."

"Uliuona," Kaari akasema. "Hilo ndilo linaniuma. Ungekuwa hujui, ningekuchukua hivyo hivyo."

Akamimina uji kikombeni, ukajaa hadi ukingoni, akamsogelea Muchangi. Muchangi akanyoosha mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga, akajiapia moyoni kwamba hatamdanganya tena mtu yeyote, hata wa Nairobi.

Kaari akachovya kidole kikombeni. Akausugua uji kiganjani. Akanusa. Akafumba macho, halafu akatema mate kando.

"Huu uji uko na maji," akasema. "Lazima umwagwe wote."

Akaumwaga kwenye shina la mti wa miraa. Kisha akakipindua na kibuyu, mpaka tone la mwisho, akaingia ndani bila kuangalia nyuma.

Nyanya aliyetoka kwenye miraa ndiye aliyecheka wa kwanza. Njiru, ambaye hakukodiwa kuona haya, alivua kofia akauliza kwa heshima kama nyama ingeliwa vilevile au vipi. Akaonyeshwa kiti.

Abdiqani alileta mpira na mtungi mtupu, akaviweka miguuni pa Muchangi.

"Tangi langu, fundi. Si ulisema imwagwe yote?"

Muchangi akapiga magoti uani na suti yake ya kijivu, akatia mpira tangini, akavuta kwa pumzi zote. Mdomo uliokuja Maua kunywa uji wa Kaari ukajaa petroli na mafuta ya taa, naye akajua, safari hii bila kubahatisha, ladha ya mafuta mabaya.