Sahani Kumi na Mbili za Jogoo

Jumanne, mwezi 17 Shaaban 1331

Ramadhani imebaki wiki mbili kasoro. Asubuhi mke wangu Jawahir amefungua kabati la chakula akaniita nilitazame. Nimelitazama. Mchele pishi tatu, pojo nusu kikapu, sukari kidogo, samli chupa moja, na tende za mwaka jana zilizoshikana mpaka zimekuwa kitu kimoja. Si kabati tupu. Lakini si kabati la Ramadhani.

Mke wangu akanitia mkononi rupia sita. Pesa zake za kushona kofia, miezi mitano ya sindano. Akasema ninunue mchele, unga, sukari na samli, na nisinunue kitu kingine chochote hata kikiwa rahisi. Hilo la mwisho amelisema mara mbili.

Sababu ni mamake, Bi Mwanatumu. Jumamosi ya mwezi 28 atakuja kutoka mtaa wa Kuze kuvunja jungu nasi, tule tushibe kabla ya kufunga, na akija lazima afungue kabati. Mwaka jana alikuta maboga thelathini na moja. (Yalikuwa rahisi!) Akaapa kwamba akikuta mzaha tena, atamchukua bintiye akafunge Kuze kwenye chakula.

Ramadhani nzima bila Jawahir! Sitaki hata kuliandika jambo hilo. Nimeliandika.

Nimemwahidi kabati litajaa. Kazi yangu ni kuandika barua nje ya Ngome, kwa watu wenye jamaa zao humo gerezani. Mtu anayeweza kumwombea mwizi msamaha kwa ukurasa mmoja hawezi kushindwa na kabati.

Jumatano, mwezi 18

Nimekwenda Ndia Kuu kununua mchele. Nimerudi bila mchele. Nieleze.

Juzi Bi Mona, mjane wa nyumba ya kona, alituletea bakuli la mbaazi. Jawahir akalirudisha na tende ndani. Kwa nini? Kwa sababu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hakuna kadhi aliyeamuru, hakuna askari anayelinda, na mtaa mzima unatii! Haya yalinijia nimesimama mbele ya duka la vyombo. Nikazidi kufikiri. Bakuli dogo hurudi na tende tatu. Basi sahani kubwa je? Nani atathubutu kurudisha sahani pana kama ungo na tende tatu katikati? Ataona haya. Ataijaza.

Nikanunua sahani kubwa kumi na mbili, nusu rupia moja moja. Mhindi mwenye duka akaniuliza kama nina harusi. Nikamwambia nina akili.

Ni sahani nzuri mno. Katikati pana jogoo mwekundu, mguu mmoja juu, jicho kali. Nimezificha kwa Chonga, mchota maji wetu. Jawahir nimemwambia shehena iko njiani, ambayo ni kweli.

Jioni jirani yangu Idarus, mshona kanzu, ameletewa magunia mawili ya mchele. Hamali wake wakapumzika mlangoni kwangu, si kwake! Yeye akasimama akapiga gunia kofi, akaniuliza kama mimi nimekwisha kujitayarisha. Nikamwambia angoje aone.

Ijumaa, mwezi 20

Sahani zimetoka! Chonga huingia kila nyumba ya mtaa na madebe yake ya maji, kwa hiyo hakuna mtu wa kufaa zaidi. Tumekubaliana apeleke sahani moja kila nyumba, aseme imetoka kwa Bwana Taha, yaani mimi, na ujira wake uwe kipande kimoja cha muhogo kutoka kila sahani. Nilikuwa nimetia vitatu vya kuchemsha. Vikabaki viwili, vimekaa mbali mbali kama watu waliogombana. Juu nikafunika kawa zuri la ukili.

Chonga anasema mke wa Idarus, Bi Afaf, alifunua kawa, akatazama ndani, kisha akainua sahani akatazama na chini yake.

Jawahir hajui neno. Nataka kumshangaza. Pia naogopa.

Jumapili, mwezi 22

Kimya. Hakuna sahani hata moja iliyorudi. Kazini akili haikutulia. Mzee mmoja alitaka barua ya kumwombea ndugu yake aliyeiba mbuzi, nami nikamwandikia kwamba mfungwa huyu anaomba rehema na mchele. Amenirudishia barua. Anasema ndugu yake ana kesi ya mbuzi tu, nisimwongezee.

Jumatatu, mwezi 23

Msiba!

Nimefungua kabati nikakuta mchele umeshuka na pojo hakuna. Nimemuuliza Jawahir. Uso wake uling'aa. Akasema majirani mwaka huu wameingiwa na imani ya ajabu. Tangu Ijumaa jioni wanaleta vitu, tena kwenye sahani nzuri zenye jogoo, lazima kuna duka limeshusha mzigo mpya. Bi Mona kaleta kibaba cha sukari! Bi Afaf kaleta unga! Sahani tisa!

Nikauliza ziko wapi hizo sahani, kwa sauti iliyokuwa nyembamba kidogo.

Akasema amezirudisha kwa wenyewe. Nikauliza kama amezirudisha tupu. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama ametoka nje bila nguo. Bi Mona alileta kibaba cha sukari, yeye akamrudishia kibaba cha mchele na tende juu. Bi Afaf akapata pojo zote. Mtoto wa Bi Mwanatumu, akasema, harudishi kama alivyopewa, huongeza.

Nikakaa chini sakafuni.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini kusema sahani ni kusema rupia, na alikuwa na furaha sana. Nikasema mashaallah.

Jumanne, mwezi 24

Sikwenda kazini. Nimesimama mlangoni kuzizuia sahani. Zikaja tatu, zimebebwa na mabinti wanaosema mama anasalimu na kukimbia. Ya kwanza nikaipokea, nikaanza kuiingiza chini ya kanzu. Sahani ile haiingii chini ya kanzu. Jawahir akaja akanipokea, akanishukuru kwa kumsaidia kazi za nyumbani.

Tena zimerudi nzito kuliko mwanzo! Bi Afaf, ambaye hawezi kushindwa na mtu, ametia tambi, sukari, na hiliki juu. Jawahir akatazama hiliki zile kwa muda, kisha akaenda akachukua chupa ya samli. Nilitoka nje. Sikuweza kutazama.

Baada ya sala ya alasiri Idarus akanishika mkono msikitini. Akaniuliza kwa adabu kwa nini nyumba yangu inapigana na nyumba yake. Anasema gunia lake la kwanza limefika nusu, na mkewe haambiliki. Nikasikitika pamoja naye mpaka nje ya mlango. Ni furaha yangu ya kwanza tangu Jumatano.

Alhamisi, mwezi 26

Mtaa umerukwa na akili. Hakuna anayepika, watu wanabeba tu. Jogoo wanapishana uchochoroni. Zile tende zetu zilizoshikana zimerudi leo mara ya tatu. Nimezijua kwa kipande cha mkeka kilichoganda ubavuni.

Bi Mona ameleta sukari guru aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Idi. Hana kingine. Ametuma salamu kwamba amechoka, lakini afanyeje, sahani ya watu imo nyumbani mwake. Mjane yule! Nimeona haya mpaka masikio yakawa moto. Nimemega kidogo. Ilikuwa nzuri.

Nimemwambia Jawahir labda inatosha sasa, na tuache. Akasema tutaacha vipi wakati wao hawajaacha.

Ijumaa, mwezi 27

Sasa ni chumvi.

Aliyeanza ni Bi Afaf, nina hakika. Chumvi ni rahisi, inajaza, na kwa mbali ni kama sukari. Kufika adhuhuri nyumba zote zimeiga. Jawahir alikuwa amekwisha kutoa kibaba cha mwisho cha mchele kwa mkono wake, akasikia mlango unabishwa. Chumvi. Ukabishwa tena. Chumvi. Hata magharibi sahani zote kumi na mbili zimo kabatini mwetu, kila moja na kilima chake, na hakuna cha kuzirudishia.

Jawahir amekaa mbele yake. Hajawahi kulala na chombo cha mtu hakijarudi. Amelia. Akaniuliza shehena yangu itafika lini, maana ikifika usiku huu tutawahi kuwapa watu haki yao kabla mamake hajaja. Nimemwambia nadhani imekwisha kufika yote. Hakunielewa, nami sikumweleza. Mimi ni mtu mbaya.

Jumamosi, mwezi 28

Niandike upesi kabla sijabadili mambo.

Bi Mwanatumu amefika na kikapu cha samaki. Akauliza hali zetu, za majirani, za mgongo wangu. Akanyanyuka. Akafungua kabati.

Akachovya kidole katika kilima kimoja, akakionja. Kisha akasema, "Bwana Taha, mwanangu ni papa, umtie chumvi?"

Jawahir akanitetea! Akasema mumewe hana kosa, ana shehena inakuja, na hizi ni sahani za majirani, wema umewazidi tu. Nilikuwa karibu kuokoka. Mara Chonga akaingia na madebe yake. Akaona kabati wazi, akafurahi kwa moyo wake wote. "Bwana Taha, hongera! Zimerudi zote kumi na mbili, hata moja haikuvunjika! Sasa muhogo wangu wa kurudi nitaupata lini?"

Kukawa hakuna njia. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kusema kweli. Nilipofika kwenye ukubwa wa sahani na haya za mrudishaji, Bi Mwanatumu alikaribia kutikisa kichwa kukubali.

Jawahir aliuliza jambo moja tu: kila sahani ni kiasi gani. Nikasema nusu rupia. Akahesabu kwa vidole. Akasema kwamba kila jogoo ni siku kumi na mbili za sindano yake. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

Akavaa buibui lake. Akamwaga chumvi yote pembeni mwa jiko, akazifunga sahani kumi na moja kwenye shuka, kwa kuwa ni mali yake. Moja akamwachia Chonga kwa taabu zake. Wakaondoka na samaki.

Jumapili, mwezi 29

Mwezi umeonekana. Watu walikuwa wakipongezana, nami nikasimama na Idarus. Gunia la pili nalo limekwenda. Ameniambia Bi Afaf anadai sasa wanunue sahani za jogoo, maana ndizo zinazopendwa mjini. Hatukucheka, si yeye wala mimi.

Nyumba ni kubwa ghafla. Nimemwita Jawahir mara mbili kumuuliza kilipo kibiriti. Kilikuwa mkononi mwangu.

Jumatatu, mwezi mosi Ramadhani

Magharibi nilifungua kwa maji na tende moja msikitini. Nimefika nyumbani, Chonga yuko mlangoni na kawa. Ametoka Kuze. Chini ya kawa, sambusa, tambi za nazi, kipande cha mkate wa kumimina, na chini yao jogoo, mguu juu.

Jawahir amesema hivi: hasira imepungua kidogo. Siku sahani hii itakaporudi Kuze na mchele, mchele tu, bila maelezo, yeye atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Chonga alikariri mara tatu, hasa pale pa bila maelezo.

Nimekula nikalia. Chonga alidhani ni pilipili ya sambusa.

Mchele wa kujaza sahani moja! Hilo tu! Wallahi ninamstahi mwanamke huyu.

Jumatano, mwezi 3 Ramadhani

Alhamdulillahi! Leo barua nne, rupia moja na nusu. Mwezi wa rehema, watu wanawakumbuka wafungwa wao. Pesa hizi zinajaza sahani ya mchele na kubakisha. Nikaishika njia ya Ndia Kuu moja kwa moja, sahani kwapani, sikutazama kushoto wala kulia.

Mbele ya duka la mchele palikuwa na mnada. Mtu anahamia Unguja, anauza vyombo vyake. Na kati ya vyombo hivyo palikuwa na sinia la shaba. Sijaona sinia kama lile. Mtu angeweza kuoga ndani yake. Hamali wawili walilinyanyua wakiguna.

Nikasimama. Nikafikiri kwa utulivu, kama mtu aliyefunga. Nikagundua kosa letu lilikuwa wapi. Hesabu ilikuwa sawa tangu mwanzo! Kosa lilikuwa jogoo. Kila aliyefunua kawa alikutana na jicho lile akaingiwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hutia chumvi.

Sinia halina jogoo. Ni laini kabisa, linang'aa. Rupia moja na nusu.

Nimetia vipande viwili vya muhogo katikati. Kesho kabla ya magharibi Chonga na mwenzake watalipeleka Kuze kwa Bi Mwanatumu, pamoja na salamu zangu. Mama yule ana heshima zake, hawezi kulirudisha tupu. Na likishajaa mchele halibebwi na watu wawili tu. Jawahir itambidi aje ameshika upande wa tatu.