Peptidi Iliyojikumbatia

Jumatatu, 3 Machi 2025. Voi.
Joto kali. Peptidi zangu sita, vipande vifupi vya protini, zinaogelea kwenye maji ya kuigizwa ndani ya kompyuta siku ya kumi na tisa leo. Hazijagusana hata kwa bahati mbaya. Zikishikana zikawa nyuzi, hiyo ndiyo amiloidi, uchafu ambao daktari anasema huenda umejaa kichwani mwa Mama. Nataka kuona zinavyoanza kushikana, nijue pa kuzitenganisha. Na haraka! Nilipopanda kijijini kwetu Mwanda juzi, Mama aliniita Alexander. Alexander ni mjomba, alifariki kabla sijazaliwa.
Chrispine, ninayegawana naye kompyuta, anasema kazi hii inataka subira. Rahisi kwake kusema, mama yake humpigia simu kila jioni na kumwita kwa jina.

Jumatano, 5 Machi.
Nimepata wazo! Kwa nini ziogelee kwenye bwawa na karai lipo? Chrispine alipoenda kula chapati, nikapunguza kisanduku cha maji zinamoogelea hadi robo. Kuhakiki vipimo nikaruka. Kufikia saa kumi, zimeshikana! Nimempigia dada yangu Jedidah amwambie Mama dawa iko njiani. Akauliza dawa gani. Nikakata simu.

Ijumaa, 7 Machi.
Dkt. Nasambu, msimamizi wangu, ameitazama skrini muda mrefu. Chrispine nyuma yake, anatafuna njugu. Dkt. Nasambu akanieleza polepole, kama anayempa mgonjwa majibu: kisanduku cha kompyuta hakina kuta. Kinachotoka kulia huingia tena kushoto. Changu ni kidogo mno, kwa hiyo peptidi moja imenyoosha mkono nje ya kisanduku, ikashika mgongo wake yenyewe.
"Derrick," akasema, "hii haijampata mwenzake. Imejikumbatia."
Chrispine hakucheka. Hilo limeniuma zaidi. Nimeanza upya na kisanduku kikubwa. Nimeapa sikigusi.

Jumapili, 9 Machi. Mwanda.
Ukungu mpaka mlangoni. Mpango mpya: nimevaa sweta ya sekondari aliyonifumia Mama mwenyewe. Haifiki kitovuni. Jedidah ameniangalia, akarudi jikoni.
Mama akaishika mikono ya sweta, akapapasa mshono. Akasema hii alimfumia mwanawe, Derrick. Jina langu! Nimelingoja tangu Krismasi. Nikasogea karibu. Akanitazama kwa upole.
"Alexander, Derrick atakuja lini?"
Nikamwambia yuko njiani. Akanihimiza ninywe chai, maana mgeni hakai na baridi. Magoti yetu yaligusana, na nilikuwa na hamu ya kumwona mama yangu kana kwamba yuko nchi ya ng'ambo.

Jumatatu, 10 Machi. Voi.
Peptidi sita, kila moja kivyake. Dkt. Nasambu anasema zipewe mwezi. Mama hana mwezi wa kugawa. Chrispine ametoka kula chapati.
Nimepunguza kisanduku. Kidogo tu, hakuna atakayejua. Na Jumapili nitavaa sweta pamoja na kaptula yangu ya sekondari.