Mguu wa Kushoto Uliokosa Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Wameuza gari langu! Miaka kumi na tisa nimelibembeleza lile jeupe. Nakijua kikohozi chake cha asubuhi. Najua gia ya tatu haiingii mpaka uitukane kwanza. Leo nafika kwa Madam Kamla kuchukua ufunguo, naonyeshwa kitu cha kijivu kilichotoka Japani. Nusu petroli, nusu betri. Pedali mbili. Mbili! Nikamuuliza Madam ya tatu kaiweka wapi. Akasema haipo, Nemani, hili ni otomatiki, linabadilisha gia lenyewe. Nikamwambia basi na abiria litawabeba lenyewe, mimi narudi kulala. Hakucheka.

Kibali cha teksi ni chake na magari ni yake. Yalikuwa mawili: langu, na jekundu analoendesha dereva mwenzangu Apakuki, la gia za mkono na kuukuu vilevile. Akaniambia kwa ile sauti yake ya upole, ile mbaya, kwamba jekundu nalo linauzwa mwezi huu huu. Litabaki la kijivu na dereva mmoja tu. Ameniteua mimi kwanza kwa kuwa ni wa siku nyingi. Jumamosi nimpeleke hekaluni kule juu mlimani na kumrudisha. Nikimrusharusha kitini hata mara moja, gari ni la Apakuki, na mimi nirudi kisiwani kwetu nikalime magimbi.

Vitisho tu. Mama yule hajawahi kuuza kitu kwa wakati aliosema. Ukiacha gari langu.

Stendi, Apakuki alikuwa ananingoja meno yote nje. Ee Mungu, katika Fiji nzima, kwa nini nimepangwa stendi moja na mtani wangu? Watu wa kisiwa chetu na watu wa bonde lao ni watani tangu enzi za mababu. Ana ruhusa ya kunitukana, kunicheka na kuchukua chochote nilicho nacho, na mimi sina ruhusa ya kununa. Leo kachukua chakula changu, muhogo na samaki wa tui, kakila mbele yangu. Eti anayeendesha kochi hahitaji kushiba. Nikacheka. Kwa uchungu mkubwa.

Jumanne, 4 Machi

Safari ya kwanza. Mama mmoja na magunia mawili ya magimbi, kutoka soko la Savusavu hadi kwake. Nikawasha. Gari likanisalimu kwa Kijapani. Sijui lilisema nini, lakini sauti haikuwa ya heshima.

Tulikwenda vizuri hadi kona ya benki, mkabala na stendi. Hapo mguu wangu wa kushoto ukaamka. Miaka yote hiyo umekanyaga klachi kwenye kona ile. Ukakanyaga. Kumbe kilichokuwa chini yake ni breki! Gari likasimama papo hapo. Mama akaja mbele. Magimbi yakaja mbele. Gimbi moja likanipiga kisogoni.

Mama akaniuliza nimejifunzia wapi udereva, kwenye mtumbwi? Nikamwambia kosa ni la Wajapani. Akashuka akapanda gari la Apakuki. Apakuki akamfungulia mlango kama waziri, kisha akanipigia kelele mbele ya stendi nzima: “Mtani, huo mguu wa kushoto ukauache nyumbani ukulindie kuku!”

Nikacheka tena. Taya linaniuma.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali. Usiku nimefikiri, asubuhi nimetenda. Nimechukua kitambaa cha Unaisi, mke wangu, nikaufunga mguu wa kushoto kwenye chuma cha kiti. Mara tatu, na fundo la mvuvi. Sasa uamke tena tuone!

Haukuamka. Nilibeba abiria wanne bila mtu kunifokea. Nikaanza kupiga mluzi. Kisha nikasimamishwa na polisi njiani, kijana mwenye adabu, akaniomba nishuke nimfungulie buti. Nikashuka. Yaani mimi nilishuka, mguu haukushuka. Nikaning'inia mlangoni kichwa chini, sulu, ile shuka ninayovaa kiunoni, imenifunika uso, na basi la wanafunzi linapita.

Polisi akaniuliza kama nimetekwa. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Habari zilifika stendi kabla yangu. Madereva wote walikuwa wameinua mguu mmoja. Wazo langu lilikuwa zuri. Lililoniponza ni fundo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Naandika yote kwa sababu si kosa langu.

Mchana tulikuwa tumepumzika. Madereva wamekaa kwenye mkeka nyuma ya stendi, bakuli la yaqona, kile kinywaji cha mizizi, katikati, wanakunywa kwa zamu mpaka ulimi ufe ganzi. Nikaingia na la kijivu, nikasimama. Kimya. Hakuna hata mtetemo. Gari likinyamaza limezima, dereva yeyote duniani anajua hivyo. Nikatoka, nikafunga mlango, nikaenda kukaa nao.

Kumbe halikuzima! Linanyamaza tu, linakuvizia. Lilikuwa bado liko kwenye gia, na mimi nilipotoa mguu kwenye breki likaanza kutambaa. Taratibu, kama ng'ombe anayekwenda mtoni. Likaja moja kwa moja mkekani. Watu wakaruka huku na huku. Bakuli halikuruka. Yaqona yote chini, na bakuli tuliloachiwa na marehemu mzee Jone limepata ufa.

Aliyelikimbilia na kulisimamisha ni Apakuki. Akajitupa ndani, akakanyaga breki, akalirudisha nyuma hadi mahali pake kwa mkono mmoja. Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema kwa shemeji yake, siku moja, na kwamba hakuna cha kujifunza ila kuuacha mguu wa kushoto upumzike. Akasema twende tu pale uwanja wa raga jioni, atanionyesha, itachukua nusu saa.

Yeye anionyeshe mimi! Mtu niliyemkuta hajui hata kubadilisha plagi!

Ilinibidi kununua mizizi mipya ya yaqona, kupiga magoti na kuomba radhi rasmi, kwa kupiga makofi ya kimila na yote. Wakanisamehe. Lakini walikuwa wanacheka wakati wa makofi, na hilo si la kimila.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Kwa nini sikuliona tangu Jumatatu? Ikiwa mtani anaweza kuchukua chochote changu, basi na mimi naweza kuchukua chochote chake. Na Apakuki ana nini? Ana gari la gia za mkono! Pedali tatu!

Mpango ni huu. Namnyang'anya jekundu, nampeleka Madam hekaluni ndani ya jekundu, laini bila mshtuko, anaona udereva ni nini, analisahau la kijivu. Hakuna wa kunipinga. Mila ni mila.

Nikamwendea pale stendi watu wakiwa wamejaa. Nikamkwapua ufunguo mkononi, nikapaza sauti kwamba leo kisiwa kimeteremka bondeni kuchukua haki yake. Apakuki akanitazama. Akatazama ufunguo. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka.

Akasema: “Sawa, mtani, umeniweza. Chukua. Na mimi je? Nitembee? Lete hilo kochi lako.”

Akanyoosha kiganja. Nikamtupia ufunguo wa la kijivu hapo hapo, kabla hajabadili mawazo. Mjinga yule!

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi niko getini kwa Madam. Jekundu nimelisugua mpaka limeng'aa. Nimevaa shati la maua la sikukuu. Apakuki naye yuko pale na la kijivu, eti amekuja kulionyesha.

Madam akauliza kuna nini. Nikamweleza mambo ya utani. Ni Mhindi, ila amezaliwa hapa hapa, anajua kilichochukuliwa na mtani hakirudishwi kwa amri ya mtu. Akasema hana neno, sisi tugawane tunavyotaka. Lakini yeye alisema atapanda la kijivu, na la kijivu ndilo atakalopanda. Akaingia kwa Apakuki.

Sikukata tamaa. Nikawafuata nyuma ili asikie tofauti. Mlima wote nilibadilisha gia kwa sauti: ya pili, ya tatu, ya pili tena, injini inaimba. Sijawahi kuendesha vizuri namna ile. Nilipowapita kidogo kwenye daraja nikachungulia. Madam amelala! Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Hekaluni Apakuki alimwamsha kwa kumgusa bega. Akashuka anapepesa macho, akasema hajalala hivyo tangu mumewe afariki.

Wakati wa kurudi nikaamua kutangulia ili anione vizuri. Jekundu likachemka. Nikasimama kando ya njia, boneti wazi, moshi usoni. Wakapita bila sauti. Apakuki akanipungia mkono.

Hata hivyo nimechukua gari lake. Hilo hakuna wa kulifuta.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani niliimba besi kwa furaha. Unaisi aliniuliza njiani kama naelewa nilichofanya. Nikamwambia mbinu za vita si rahisi kuelezwa. Akasema, “Baba Sera, ulikuwa na gari linalobaki, ukalitoa ili uchukue linaloondoka.” Nikamwambia hivyo ndivyo mtu asiyejua mbinu angeona.

Nyumbani akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Jumatatu, 10 Machi

Madam ameamua. La kijivu ni la Apakuki, moja kwa moja. Jekundu linakwenda kwa mfuga kuku wa bondeni Alhamisi. Akanishukuru kwa miaka kumi na tisa. Akaniuliza kama nina la kusema.

Nilikuwa nalo. Nilitaka kusema nilimpeleka hospitali kujifungua Rakesh wake usiku wa kimbunga, njia imejaa minazi iliyoanguka. Badala yake nikasema gari lake lina sauti ya mwanasesere.

Alhamisi, 13 Machi

Mfuga kuku amekuja. Nikamkabidhi ufunguo. Likamzimikia mara tatu kabla ya kutoka getini. Nilisimama pale nikifurahi kila mara. Akateremsha kioo akaniomba nimfundishe, atanilipa, na akaongeza kwamba kuku wake wanahitaji dereva wa kuwapeleka mjini kila siku. Nikamwambia sanaa hii haifundishwi mtu mzima. Na mimi kubeba kuku!

Akaondoka kwa gia ya kwanza. Niliisikia ile injini ikilia mpaka kwenye kona, hajui kuingiza ya pili. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa ukishikashika hewani njia nzima, na mara mbili nimejikuta nalia. Ni vumbi.

Jumapili, 16 Machi

Ushindi! Ushindi mkubwa, na nyumbani kwangu mwenyewe!

Baada ya ibada Apakuki akaja kututembelea na la kijivu. Analipaki mbele ya mlango wangu kabisa. Anashuka, anaacha mlango wazi, ufunguo anauweka juu ya paa la gari. Juu ya paa! Anavua viatu, anaingia, anakaa mkekani, anamwomba Unaisi chai. Kisha anaanza kusema kwa sauti kubwa, akitazama ukuta, kwamba siku hizi yeye ni mzembe sana na vitu vyake. Kwamba yeye bado kijana, shemeji yake huko Nadi anamtafutia kazi ya basi. Kwamba mtani yeyote mwenye njaa akipita na kuchukua kitu, yeye hawezi kukataa, na Madam hawezi kukataa, maana mila ni mila. Na kwamba uwanja wa raga leo ni mtupu.

Kujigamba tu! Kaja na ushindi wake hadi mlangoni kwangu!

Unaisi akanibana kidole kwa nguvu. Akaninong'oneza: “Chukua. Anakupa, mwanamume wewe. Hawezi kukupa kwa mkono, chukua.” Macho yake yalikuwa na maji. Nikamwambia siombi mtu pedali mbili. Nikamwambia mimi nikitaka kuchukua cha mtani wangu, nitachagua mwenyewe cha kuchukua.

Nikatoka nje. Nikapita mbele ya gari. Nikautazama ufunguo. Nikauacha pale pale juu ya paa, nikainama, nikachukua viatu vyake! Sandali za ngozi, mpya, za kanisani! Nikazivaa na kutangaza kwamba kisiwa kimechukua haki yake.

Apakuki hakucheka. Mara ya kwanza maishani mwake. Akamaliza chai, akamshukuru Unaisi, akaenda pekupeku hadi kwenye gari. Pekupeku! Akaondoka bila sauti. Unaisi yuko jikoni tangu saa ile na haniongeleshi, nadhani bado anashangaa.

Zinanibana kidogo vidoleni, lakini ngozi hulegea. Kesho nakwenda nazo stendi wakazione wote. Kwa miguu ni saa moja na nusu tu.