Malalamiko Kuhusu Kutopimiwa Kipande Changu cha Anga

Kibondo,
29 Novemba 2015

Bi Nasma Khatibu,
Mkuu wa Kikosi cha Mwewe,
Dukani kwa Mzee Khatibu, Kasulu.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kompyuta zako. Mimi ni Stanislaus, mtu wa Mbinga, mchimba mashimo ya vyoo kambini Nduta, ambaye mwisho wa juma huingia kikosini kwa kompyuta ya dukani kwa Hashimu hapa Kibondo. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyo.

Hashimu ameniambia kwamba Jumatano mtakaa kunijadili, na kwamba nafasi yangu inatakiwa na mwalimu mmoja wa sekondari mwenye kompyuta yake mwenyewe. Kosa langu, anasema, ni utoro vitani. Najua vita vyetu ni mchezo wa ndege kwenye kioo cha kompyuta na hakuna anayekufa, lakini neno utoro limeniuma kama vita vya kweli. Naomba barua hii isomwe kwa sauti kabla hamjapiga kura.

Kwanza nieleze lililotokea Jumamosi ya tarehe 21. Uliniambia kwenye hedifoni, kwa sauti yako ile isiyotaka maswali: "Kaka Stani, wewe linda hapo kati ya mto na reli." Nikaitikia. Nikaruka kutoka mto hadi reli, nikarudi kutoka reli hadi mto, nikafanya hivyo mara nne. Sikuona mtu. Nikatua, nikaegesha ndege pembeni isizibie wenzangu njia, nikazima injini, nikavua hedifoni na kwenda kunywa chai kwa mama wa jirani. Kikombe hakijafika nusu nikamsikia Hashimu mlangoni: "We mzee, wenzio wanachinjwa huko, wewe unakunywa chai!" Niliporudi, ndege sita za kikosi chetu zilikuwa zimelala porini zinafuka moshi, na ya kwako ikiwamo. Ya kwangu peke yake ilikuwa nzima. Wewe ukauliza, "Ulikuwa wapi?" nami nikajibu ukweli kwamba nilikuwa nimemaliza.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Sikupimiwa kipande. Mimi nimefanya kazi ya vipande tangu nikiwa kijana: mashamba ya kahawa, barabara, na sasa vyoo. Nyapara wetu Nduta, Bwana Makarius, ana fimbo yake. Asubuhi anapima urefu na upana, anapigilia vigingi vinne, anafunga kamba, anasema, "Hiki chako." Ukikimaliza, unafuta jembe, unaondoka, na hakuna wa kukuuliza. Wewe ulinipa mto na reli tu. Upana je? Kimo je? Nilipomuuliza Hashimu mwisho wangu juu ni wapi, akanionyesha wingu. Mkuu, wingu linatembea. Mtu hawezi kuwekewa mpaka unaotembea halafu akaitwa mtoro.

2. Mlinisifu kwa kutua. Majuma matatu ya mwanzo nilifundishwa kuendesha ndege ardhini kama toroli, na hata hapo niligonga ghala la mafuta mara mbili. Nilipoanza kuruka, nilianguka mara kumi na moja, nyingine kabla sijafika mwisho wa uwanja. Pasikali, fundi baiskeli wenu wa Kasulu mliyenipa awe mwenzangu wa angani, alikuwa akinicheka mpaka anakohoa: "Stani, hiyo ni ndege, siyo sururu! Usiikandamize!" Katika muda wote huo sikuwahi kusikia neno jema kutoka kwako isipokuwa siku moja nilipotua bila kuvunja kitu, ukasema, "Safi sana, hivyo hivyo kila siku." Nami nimefanya hivyo hivyo. Hakuna siku uliyonisifu kwa kubaki juu.

3. Maadui walichelewa. Hili naomba lisichukuliwe kama utani. Mimi nilianza kazi saa tisa kamili, kama tangazo lilivyosema. Kikosi cha Tabora kilitokea saa tisa na dakika arobaini. Nduta mtu akija na jembe lake wakati huo wenzake wanakaribia kumaliza, Makarius anamwambia arudi nyumbani akalale, aje kesho. Hawa wa Tabora hawakuambiwa chochote. Walipokelewa, wakaachwa wafanye kazi yao yote, wakashangiliwa. Aliyewahi ndiye anayeitwa mtoro. Naomba mkuu wao aandikiwe barua, na kama wewe una shughuli nitaiandika mimi.

4. Mnanilaumu kwamba sikumsaidia Pasikali. Pasikali alikuwa upande wa daraja. Daraja halikuwa langu. Ukiingia kwenye kipande cha mwenzako ukachimba, umemnyang'anya kazi, na hata kama alikuwa hoi siku hiyo, jioni atakuangalia vibaya. Adui aliyekuwa nyuma ya Pasikali alikuwa adui wa Pasikali. Ningemtungua mimi, Pasikali angebaki na nini?

5. Mwalimu wa sekondari hajui kazi ya vipande.

Kutokana na hayo, napendekeza kikosi kiwe na nyapara wa anga. Kazi yake iwe kupita kabla ya vita na kugawa vipande kwa vitu visivyotembea, kama vile kanisa, kinu au daraja, na kila rubani aonyeshwe chake kabla hajawasha injini. Maadui nao wapimiwe. Haifai upande mmoja ufanye kazi kwa kipimo na mwingine uzurure unavyotaka. Wao na sisi tuitwe majina asubuhi kwenye daftari moja, asiyefika kwa wakati asiruke. Na kwa kuwa kila mtu atabaki ndani ya kamba yake, hakuna atakayemkuta mwenzake. Nimelipigia hili mahesabu kwa kijiti kwenye mchanga, nikaona kwamba tukianza saa mbili asubuhi, vita vyote vitakuwa vimekwisha saa sita mchana, hakuna ndege iliyopotea, na Tabora na sisi tutakwenda kula.

Kuna jambo moja ambalo sikulipa namba kwa sababu si lalamiko. Nina miezi mitano huku. Wenyeji wananisalimia vizuri, lakini wakianza Kiha chao mimi nabaki naangalia midomo. Kazini ninaitwa "wewe wa shimo la saba", na kesho naweza kuwa wa shimo la tisa. Mahali pekee ninapoitwa jina langu ni kwenye hedifoni ya Hashimu, yenye sikio moja zima, Pasikali anapouliza, "Stani, uko?" nami nikasema niko. Mkinitoa Jumatano, nitaendelea kuchimba kama kawaida, wala sitakufa. Lakini sitakuwa na mtu wa kumjibu kwamba niko. Nimeona heri mlijue hilo kabla ya kura, mradi lisiwafanye mnionee huruma.

Naweka kalamu chini nikiwa bado chini ya amri yako, angalau hadi Jumatano. Nisalimie wazazi wako, Mzee Khatibu na Mama Mwajabu, fundi Pasikali na nyumba yake, na marubani wote mlioanguka nao porini siku ile. Kikosi cha Tabora nacho ukikisikia hewani kisalimie, kwani sina ugomvi nacho isipokuwa huo wa muda.

Wako mtiifu,
Stanislaus
(Mwewe wa Saba)

N.B. Barua hii niliifunga mchana, nimeifungua tena jioni hii kwa sababu ya mambo yaliyotokea mazoezini, ambayo unayajua. Nilikuwa nimejipimia mwenyewe kipande, kanisa hadi kinu. Nilikimaliza. Nilitua vizuri. Nilikuwa nimekwisha kuzima injini na nimeshika hedifoni niivue, ndipo nikamsikia Pasikali: "Stani, ndapfuye!" Kiha changu ni kidogo lakini mtu anayesema nimekufa namwelewa. Sikuuliza alikuwa kwenye kipande cha nani. Niliwasha, nikaruka kinyume na uwanja, nikapita juu ya kanisa, juu ya kinu, mpaka nikaona ndege ya Pasikali na nyingine imemkaa nyuma. Niliimiminia hiyo ya nyuma risasi zote. Ilipokuwa inaanguka ndipo uliposema, taratibu kabisa, "Kaka Stani, huyo ni mimi." Kumbe adui ulikwisha kumfukuza, ulikuwa unamsindikiza Pasikali nyumbani. Hashimu amecheka hadi amekaa sakafuni. Naomba malalamiko ya kwanza hadi ya tano uyafute kwa mkono wako. Jumatano nikiulizwa kwa nini nilitoka kwenye kipande changu, sitakuwa na utetezi. Pasikali aliita.