Kuhusu Salamu za Valentini Zilizosomwa Hewani Bila Ruhusa ya Mwenye Kusalimiwa

Nakivale, tarehe 23 Februari 2009

Kwa Bwana Direkta wa Redio, Mbarara

Ndugu Direkta,

Anayekuandikia ni Gervais Rwakabuba, baba Ishema, wa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kama jina hili halijakufikia, uliza wanunuzi wa ng'ombe kutoka Kaberebere mpaka Biharwe. Watasimama kwanza, ndipo wakujibu. Mvua ikichelewa huku, wakubwa hupita kwangu kuuliza imekwama wapi. Shule nilifika darasa la tano kule kwetu Minembwe, Kongo, na mwalimu mwenyewe aliniomba nisiendelee, maana alikuwa ameanza kukosa cha kunifundisha.

Mtu wa kiwango hiki haandiki barua kwa ajili ya upuuzi. Naandika juu ya Jumamosi ile ya tarehe 14, siku munayoiita Valentini. Saa za mchana, redio yenu ilisoma salamu za bibi yangu Pélagie kwangu mimi mumewe, kwa jina langu zima, wilaya zote zikisikia. Karatasi yake ililetwa kwenu na Yvette, jirani yetu anayeuza maharagwe huko Mbarara. Huyo nimekwisha kumsamehe. Nyinyi bado.

Na musidhani nimesimuliwa. Nilisikia kwa masikio yangu, malishoni, kwa redio yangu mwenyewe ninayokwenda nayo begani kila siku. Ni redio ya anteni ndefu, inashika mpaka nchi ambazo hazijapata uhuru. Kila jioni naleta nyumbani habari za dunia, bibi na watoto wananyamaza kunisikiliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtangazaji wenu alisema, na mwalimu wa watoto amenithibitishia, kwamba huyo Valentini alikuwa padri wa Roma ya zamani. Inasemekana mfalme alikataza askari kuoa, padri akawafungisha ndoa kwa siri, akakatwa kichwa. Neno hilo nimelifikiri nikichunga siku nzima. Kama yeye alifanya kwa siri, nyinyi munaojiita wafuasi wake munapanda juu ya mnara kutafuta nini? Tena kwetu mtu akikatwa kichwa hatuli keki. Tunakwenda kukaa na familia yake.

2. Sikukuu yenyewe si ya Roma. Ilianzia kwetu milimani, kwa babu yangu. Alipopenda msichana wa ng'ambo ya msitu wa Itombwe, alivuka msitu wote na ng'ombe wanane, chui wakimpisha njia. Chui mmoja alimrudishia hata ndama aliyepotea, akamsukuma kwa pua mpaka kwa mama yake. Babu alipofika hakusema neno. Ng'ombe ndio walisema. Mimi pia kwa Pélagie sikusema neno, siku ile wala siku nyingine. Nilipeleka ng'ombe, baba yake akawaangalia meno, tukaoana, tumezaa watoto sita. Huo ndio upendo, unakuja kwa miguu minne. Sasa munawaambia vijana kwamba upendo ni ua moja, ambalo hata mbuzi akilila habadiliki tumbo.

3. Rangi nyekundu. Jumapili iliyofuata, kwaya ya Pastori Néhémie iliingia kanisani kila mtu na kitambaa chekundu, eti wanaendeleza sikukuu. Kama wekundu ndio upendo, basi ng'ombe wangu Bihogo, ambaye ni mwekundu toka pembe hadi mkia, anapenda tangu kuzaliwa, na bado ananipiga teke nikimkamua.

4. Heshima yangu. Fasi tunapokusanya maziwa asubuhi kuna mtu anaitwa Ngoga. Ana mbuzi wawili tu, lakini mdomo wake ni wa mtu mwenye kundi. Sasa ananiita hivi: "Mupendwa wa Redio, umeamuka salama? Bibi anakusalimia hata leo ama tungoje Valentini ingine?" Wenye madumu wote wanacheka mpaka maziwa yanamwagika. Kule Rwekubo askari mmoja ambaye sijawahi kumwona alinisimamisha, nikadhani ni mambo ya vitambulisho. Akaniangalia: "Wewe ndio ile muzee ya redio? Enda, enda, mama iko nangoja wewe." Nimekaa miaka mingi nikijenga jina la kuogopwa. Mumelibomoa kwa dakika moja, na katikati mukaweka muziki.

5. Hili ndilo kubwa. Jioni ile nilirudi nyumbani nikamwambia Pélagie, kwa utulivu wa mwanaume, "Mama Ishema, salamu zako nimezisikia. Ni za kawaida." Akaacha alichokuwa anafanya.

"Umezisikia zote, Baba Ishema?"

"Zote."

"Basi niambie, nilimalizia na neno gani?"

Mwanamke ananipa mtihani katika nyumba yangu mwenyewe. Nilijibu kwamba alimalizia kwa kuwasalimu wote wanaomfahamu, kwa kuwa salamu zote za redio zinaishia hapo. Akaniangalia sana. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani, akaingia jikoni.

Tangu siku hiyo ninanyweshwa maziwa kwa kikombe cha plastiki. Ndugu Direkta, wewe wa mjini unayenunua maziwa ya pakiti, pengine huoni kidonda kiko wapi. Kwetu bibi anampa mumewe maziwa katika inkongoro, kikombe cha mti alichokifukiza moshi wa majani mazuri, na anakileta kwa mikono miwili. Sasa ananiwekea plastiki ya uji wa watoto juu ya kiti, anapita. Maziwa ni yaleyale ya Bihogo, lakini yanashuka kooni kama dawa ya minyoo. Inkongoro yangu imetundikwa ukutani, naiona nikilala.

Kwa sababu hizo nadai: Valentini ifutwe katika Isingiro na Mbarara nzima, na fasi yake iwekwe Siku ya Babu wa Rwakabuba, ambayo watu watatembelea ng'ombe na hakuna atakayefungua mdomo. Mtangazaji aje Nakivale kuomba radhi na mfuko wa chumvi ya ng'ombe, Ngoga akiwepo. Halafu mutangaze kwamba salamu zile hazikusomwa kamwe, na kila aliyezisikia azirudishe.

Nakusalimu wewe, bibi yako, mtangazaji pamoja na kosa lake, fundi anayepanda mnara, na mlinzi wa geti, baridi ya Mbarara isimwonee. Pastori Néhémie hajui kama naandika, lakini angejua angewasalimu.

Ni mimi, ninayeheshimiwa bila kuomba,

Gervais Rwakabuba

Nyongeza: Direkta, hapa soma peke yako, funga na mlango. Kama ile karatasi ya bibi yangu bado iko kwenu, muisome tena Jumamosi hii, polepole, hasa mwishoni. Mambo ya kufuta sikukuu yanaweza kungoja. Nitakuwa Rwekubo, dukani kwa Constantin, redio yake iko juu ya rafu, nitajifanya nanunua chumvi. Pélagie asijue kama niliomba. Yvette nimemwuliza, anasema maneno yale ni ya mwenyewe kusikia. Ngoga nimemwuliza kwa kuzunguka, akasema, "Si ulisema mbele yetu sisi wote kwamba ulizisikia?" Redio yangu haijatoa sauti tangu Noeli. Mawe yake ya betri yalikufa, naibeba kwa ajili ya anteni, na habari za dunia za kila jioni natunga mwenyewe. Sijui alimalizia na neno gani.