Mkono wa Mama Usifike Sikioni

Jumatatu, 27 Desemba 1976
Utingo wa basi la Korogwe kaleta salamu mbaya. Mwanangu Kibwana, yule wa reli, anakuja Ijumaa kumchukua binti yake Hajira, akaanze darasa la kwanza huko Korogwe mjini. Ati umri umefika! Mtoto tumemlea hapa Mkata mimi na mke wangu Fatu tangu alipoachishwa ziwa. Kabeba jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo namwita Mama, naye huniita mwanangu. Kila asubuhi namwamkia shikamoo. Huitikia marahaba, kisha huniuliza kama nimenawa uso. Haondoki mtu hapa. Nimekwisha apa.

Jumanne, 28 Desemba
Dawa imepatikana! Shuleni kipimo ni kimoja: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Usipofika, bado mdogo, anarudishwa nyumbani. Basi nitamfundisha Mama mkono usifike. Leo ilikuwa zamu yetu shamba la kijiji. Sikwenda. Elimu kwanza! Katikati ya somo, hodi! Mdoe, balozi wetu wa nyumba kumi, anatafuta watoro. Nikajitupa uvunguni. Akamwuliza Mama babu yuko wapi. Mama akajibu kwa adabu zote kwamba mwanawe yumo uvunguni, ana uvivu kidogo, lakini si mtoto mbaya. Nimelima mpaka jua limezama. Mdoe kacheka kutwa. Mtu yule ana meno mengi kupita kiasi.

Jumatano, 29 Desemba
Somo linaendelea. Mkono ukifika utosini, namwambia aishie hapo. Anarudia, anarudia, hata wakati wa kula ugali. Fatu kasema nimwache mtoto akasome, kwani nikibaki bila yeye nitaliwa na fisi? Haelewi mambo mazito. Lakini naogopa, kweli naogopa. Nani ataniuliza kama nimenawa uso?

Ijumaa, 31 Desemba
Kibwana kafika na viatu vipya vya mtoto. Nikamweleza kwa huzuni kubwa kwamba Hajira bado mdogo, mkono haufiki, asubiri mwaka mmoja. Akaomba aone mwenyewe. Mama akasimama katikati ya ua, majirani wakitazama, Mdoe mbele kabisa. Mkono ukaenda, ukapita utosi, ukashika sikio, ukalivuta! Mazoezi yangu yote yale yameulainisha. Kisha akanigeukia, akaniomba radhi. Akasema ulikuwa ukifika tangu zamani, alikuwa akiuzuia kwa sababu mwanawe ndiye aliyemwomba, ila baba yake kamwuliza, na baba hadanganywi. Loo! Aibu niliyoipata naijua mwenyewe.

Jumamosi, 1 Januari 1977
Basi limemchukua. Kituoni macho yaliponilowa nilisema ni vumbi la barabara. Mama hakuniamini. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga ya Fatu, akaniagiza nisilie, nile nishibe, nisimsumbue Fatu, nisijifiche tena uvunguni. Akasema mama akienda safari hurudi. Marehemu mama yangu alikufa mimi niko mbali, hakuniaga. Huyu kaniaga. Nikalia waziwazi, mzee mzima, mbele ya Mdoe. Naye akatazama pembeni. Leo hakucheka.

Jumapili, 2 Januari
Nimenawa uso bila kuulizwa. Nyumba imepoa. Fatu kapika ugali wa watu watatu kwa mazoea.

Baadaye nikajaribu mkono wangu mwenyewe. Nimeupitisha juu ya kichwa. Bega limekauka kwa jembe, ukaishia utosini. Nikajaribu wa pili. Nao ukagoma. Subhanallah! Jambo liko wazi kabisa. Kwa kipimo cha shule, mimi bado mdogo. Na mtoto mdogo hukaa kwa mama yake. Fatu kauliza kwa nini nafunga mzigo. Kesho ni zamu ya shamba la kijiji, nami nitakuwa ndani ya basi la kwanza la Korogwe. Mdoe akija, Fatu amwambie nimo uvunguni.